Tulipunguzwa kazi Wete bila ya kuulizwa hata neno moja

Mhariri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Limbani, Wete. Tangu Machi 2007 nilikuwa karani wa ghala katika tawi la Pemba la kampuni moja ya kusambaza bidhaa za jumla yenye makao makuu Unguja: mchele, sukari, unga wa ngano, mafuta ya kula, sabuni, maziwa ya unga, nyanya za kopo. Jina la kampuni silitaji. Wenyewe wakiisoma barua hii watajijua, na wenzangu tuliotoka pamoja watajua nani kaiandika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, tarehe 10 Februari 2025. Asiyewahi kufanya kazi ya ghala huenda asijue uzito wa tarehe hiyo. Tulikuwa ndani ya Shaaban, na kwa wauzaji wa jumla Shaaban ndiyo mavuno. Kila mwenye duka kuanzia Konde hadi Mtambwe anataka sukari, unga, tambi na tende ziwe zimeshaingia dukani kwake kabla Ramadhani haijaandama. Wiki ile tulikuwa tukifungua saa 12 asubuhi na kufunga baada ya isha. Asubuhi hiyo gari mbili zilikuwa zimeshapakiwa, ya tatu ilikuwa nusu.

Saa 3 akaingia ofisa utumishi kutoka Unguja, aliyekuwa amelala Chake. Tukaambiwa tuache tulichokishika tukusanyike baina ya safu ya mchele na safu ya sukari. Tulikuwa watu 31. Mkononi alikuwa na boksi la karatasi za kuchapia, na ndani yake bahasha za kaki. Akasema kampuni inajipanga upya ili iweze kushindana sokoni, na kwamba uamuzi haukuwa mwepesi. Kisha akaanza kusoma majina. Alisoma majina 22. Langu lilikuwa la tisa, na nakumbuka kuwa lilipotajwa nilikuwa bado nimeshika kalamu na vocha ya gari ya tatu, nikifikiri nikishaitika nitarudi kuimaliza.

Barua ilikuwa na mistari sita. Ulisema mmoja kwamba nafasi yangu haimo katika muundo mpya wa kampuni, na mwengine kwamba siku ile ndiyo ya mwisho. Tukatakiwa tutie saini kabla ya adhuhuri kwa sababu mgeni wetu alikuwa na safari ya kurudi. Atakayetia saini, hundi yake itatoka wiki hiyo hiyo. Asiyetia atasubiri utaratibu wa makao makuu, na hakuna aliyesema utaratibu huo ni wa wiki ngapi au miezi mingapi. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza, hapakuwa na nafasi ya kwenda nyumbani kuisoma na mume au kaka. Mwanangu mkubwa alikuwa mwaka wa pili SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, na ada ilikuwa inadaiwa. Nilitia saini saa 5 na robo. Simlaumu yeyote katika wale 22 aliyetia saini, na nawaomba watu wa mitaani kwetu nao wasiwalaumu. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja nitimize miaka 18. Malipo yangu yalihesabiwa kwa miaka 17.

Nataka nieleweke vizuri, Mhariri. Sisemi kwamba mwenye mali hana haki ya kupunguza watu. Hesabu za tawi nilikuwa naziona. Polo la mchele la kilo 50 linalofika Wete limeshapita mabegani mwa watu mara nyingi zaidi kuliko lile linaloliwa mjini Unguja. Hushushwa bandari ya Malindi, Unguja, likapakiwa gari, likashushwa ghalani, likapakiwa tena kurudi bandarini, likaingia chomboni, likashushwa Mkoani au hapa Wete, likapanda gari jengine, ndipo likafika kwetu. Kila anayelinyanyua hulipwa, na kila linaponyanyuliwa kuna mapolo mawili matatu yanayochanika. Vocha hizo nilizijaza mimi na nimeona zilivyopanda mwaka hadi mwaka. Dukani Micheweni bei haiwezi kupanda kwa mwendo ule, maana mnunuzi hana cha kuongeza. Kwa hiyo tuliposikia kuwa ameingia mshirika mpya mwenye hisa, na kwamba atataka mabadiliko, wengi wetu hatukushtuka.

Novemba 2024 walikuja washauri. Vijana watatu wenye kompyuta, wapole, wenye adabu zao, walikaa nasi siku mbili. Kila mmoja alipewa fomu aandike kazi anazofanya tangu asubuhi mpaka jioni. Wengine waliandika nusu ukurasa. Mimi niliandika kurasa nne, nikaongeza karatasi ya pembeni, kwa sababu nilidhani kwa mara ya kwanza kuna mtu wa makao makuu anataka kujua tawi la Wete linavyofanya kazi. Baadaye nimeelezwa kuwa fomu zile ndizo zilizotumika kupima ni kazi ipi inaweza kufanywa na kompyuta na ipi ifutwe. Hakuna aliyetuambia hivyo tulipokuwa tunaandika. Hilo limeniuma kuliko barua yenyewe.

Katika kurasa zile nilieleza habari ya mali kauli. Wafanyabiashara wa visiwa hivi wote wanaijua: unachukua bidhaa leo kwa neno lako, unalipa ukishauza. Katika tawi letu zaidi ya nusu ya mzigo ulitoka kwa njia hiyo. Hakuna hati ya nyumba, hakuna hundi ya dhamana. Kuna daftari, na kuna karani anayejua kauli hii ni ya nani na italipwa lini. Hilo la lini ndilo kazi.

Tumbe wanavua dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikichomoza vyombo hukaa pwani. Basi mwenye duka wa Tumbe humwendei kumdai mwezi ukiwa 14, utamtia aibu mbele ya watu na pesa hutopata. Msubiri wiki mbili. Makangale na Micheweni kina mama wanalima mwani, na mwani huvunwa wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali. Ukishavunwa uanikwe, ukauke, ndipo mnunuzi apime. Pesa huonekana dukani siku kadhaa baada ya bamvua kupita. Kojani wanaume huenda dago, wakakaa nje miezi, na duka la kijijini linawalisha wake na watoto wao kwa daftari mpaka warudi. Mwenye duka naye analishwa na daftari letu. Mtambwe na Mchangamdogo ni mashamba ya mikarafuu. Msimu ukiwa mzuri mtu anatoka kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, anakuja moja kwa moja kulipa deni la miezi mitano, na pengine anakununulia na soda. Msimu ukiwa mbaya unamvumilia, unampunguzia mzigo, humkatii.

Yote hayo nilikuwa nayo kichwani na katika madaftari saba. Wenzangu wa mauzo walikuwa nayo zaidi yangu, kwa sababu wao walikuwa wakifika hadi barazani kwa watu.

Niruhusu niseme jambo moja la zamani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba. Msiba ule kila mtu huku anaujua na sitaurudia. Katika waliokuwemo walikuwa wateja wetu watatu wa mali kauli. Msimamizi wa tawi wa wakati ule, mtu mzima, Mungu amlaze pema, aliniambia nitie daftari katika mtoto wa meza nifunge, nisimtaje mtu kwa deni mpaka arubaini ipite. Hata arubaini haijafika familia zote tatu zilikuwa zimeshakuja zenyewe. Nyumba moja ilimtuma kijana, umri wake kama miaka 15. Alikuja na pesa zimefungwa katika ncha ya kanga. Akasema, "Shikamoo. Baba hatujampata, lakini mama kasema deni lake lisibaki." Nilimkatia risiti na mkono ukinitetemeka. Msimamizi alitoka nje, akakaa kitambo, aliporudi aliniagiza nimfungulie mama wa kijana yule ukurasa wake mwenyewe katika daftari, kwa kiwango kile kile cha mumewe. Mama huyo anauza duka mpaka leo.

Kwa nini naieleza hadithi hii? Kwa sababu Aprili 2025 mama huyo alifungiwa. Mfumo mpya unatoa siku 14 kwa kila mteja, awe wa dagaa, wa mwani au wa karafuu. Siku ya 15 jina lako linakuwa jekundu katika kishikwambi cha kijana wa mauzo, na hakuna kitakachoshushwa dukani kwako mpaka ulipe. Alichelewa siku nne. Baada ya miaka yote ile! Kijana aliyekuja na gari hakuwa na kosa, alikuwa hamjui, na hata angemjua mfumo haumpi nafasi ya kusema kitu. Sasa ananunua kwa mtu mwengine, mizigo inayokuja na majahazi kutoka Tanga. Si yeye peke yake. Nimewahesabu wanane kwa njia ya Konde tu, na hao ni wale ninaokutana nao.

Waliopanga muundo mpya walidhani wanapunguza karani. Mteja naye kaondoka. Hilo wangelijua kwa saa moja tu ya mazungumzo.

Na tungeulizwa tulikuwa nayo ya kusema, si kilio tu. Gari ya Konde ilikuwa ikirudi tupu Jumanne na Alkhamisi, na siku hizo hizo kampuni ilikuwa ikikodi gari ya mtu kutoa mzigo bandari ya Wete. Tulilisema hilo kwa mdomo mara mbili, halikwenda popote. Mapolo yalikuwa yakichanika kwa sababu ya kulabu, na mahamali wenyewe walishasema wakipewa mbao za kupangia na turubai la kuburutia watabeba bila ya kulabu. Wazee wawili katika sisi walikuwa wanakaribia miaka 60 na walikuwa tayari kuondoka kwa hiari kama malipo yao yatakuwa ya haki. Wengine tulishazungumza wenyewe kwa wenyewe kwamba biashara ikilala, kama inavyolala kuanzia mfunguo mosi mpaka mfunguo tatu, yaani miezi mitatu inayofuata Ramadhani, tungekubali kufanya kazi siku nne kwa wiki na mshahara upungue, ili watu wengi wabaki. Na kama ghala la Wete ilikuwa ni lazima lifungwe na kazi zihamie Mkoani, kama ilivyofanywa, wako waliokuwa tayari kupanda gari kila siku kwenda huko, ambako ni mwisho wa kisiwa. Huenda tungeondoka wanane badala ya 22. Huenda mimi ningekuwa mmoja wa hao wanane, na ningeondoka nikijua nilipimwa kwa kipimo gani.

Mpaka leo sijui kipimo hicho. Kama ni utumishi mrefu, mbona karani aliyeingia 2022 amebaki na mimi nimeondoka? Kama ni utendaji, katika miaka 17 nilipewa barua mbili za pongezi na hata moja ya onyo sijawahi kupewa. Kama ni mshahara, kwamba wakongwe tulikuwa ghali, basi tungeambiwa hivyo hivyo, mtu mzima anavumilia ukweli.

Sasa nije kwenye sheria. Kazi si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1 ya 2005, na hii ya pili ndiyo iliyoweka kitengo cha kushughulikia migogoro ya kazi na Mahkama ya Kazi. Mimi nilizisoma baada ya kutia saini, kwa simu ya mwanangu, nimekaa kizingitini usiku umeme umekatika. Nikasoma na ya wenzetu wa Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004. Kifungu chake cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, aweke wazi habari zote zinazohusika, na kabla hajapunguza mtu azungumze na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama, juu ya sababu, juu ya njia za kuepuka au kupunguza idadi, juu ya namna ya kuchagua nani aondoke, wakati wake, na malipo. Mazungumzo kwanza, bahasha baadaye.

Sheria ya Bara haina nguvu huku, nalijua hilo. Lakini sikilizeni. Kampuni yetu ina tawi Dar es Salaam. Muundo mpya ni ule ule, mwenye hisa ni yule yule, washauri ni wale wale. Karani mwenzangu wa kule, ambaye kwa miaka tulikuwa tukipigiana simu kulinganisha hesabu, ananiambia kwamba wao waliitwa kikaoni mara tatu kabla ya mtu yeyote kupewa barua. Walionyeshwa hesabu za tawi. Walibishana. Idadi ilishuka. Yeye mwenyewe aliondoka, lakini aliondoka na barua ya utumishi mkononi na siku zake zote zimehesabiwa mbele yake. Basi mwajiri huyu anajua jinsi ya kuzungumza na wafanyakazi. Aliona tu kwamba Pemba hapana haja.

Ninaomba Kamisheni ya Kazi isisubiri mfanyakazi aje na malalamiko. Mfanyakazi aliyetiwa hofu asubuhi na kutia saini kabla ya adhuhuri hafiki ofisini kwao. Kampuni inapotaka kupunguza watu 22 kwa siku moja, katika mji mdogo kama Wete, mtu wa Kamisheni awepo ghalani, na awepo kabla barua hazijachapishwa. Na pasiwe na karatasi ya kutiwa saini siku ile ile. Mtu apewe japo siku saba aende nayo nyumbani, akaulize, arudi. ZATUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar, nao nawaomba waje kwenye maghala na maduka ya jumla ya Pemba. Sisi hatukuwa na chama. Tulidhani chama ni cha walimu na wa serikalini, na hakuna aliyekuja kutuambia vyengine. Chama cha waajiri, ZANEMA, nacho kina nafasi yake, kiwaambie wanachama wake kwamba mfanyakazi akizungumzwa naye hageuki adui.

Lipo na la michango. Wiki mbili baada ya kuondolewa nilikwenda Chake, ofisi ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, kuuliza taarifa yangu. Nilipokewa vizuri na nikachapiwa karatasi. Nikakuta miezi minne ya 2023 haina mchango, na hali karatasi zangu za mshahara za miezi hiyo, ninazo zote, zinaonyesha nimekatwa. Nilikwenda na wenzangu sita, na wao hali ni hiyo hiyo. Tumeiandikia kampuni, na imeahidi kulipa. Nawahimiza wafanyakazi wote wanaosoma hapa, hasa wa kampuni binafsi: usisubiri siku ya bahasha. Kaiombe taarifa yako sasa, kila mwaka, uilinganishe na karatasi zako.

Nimechelewa kuwataja mahamali, na hao ndio nilitaka kuanza nao.

Walikuwa 14. Wanalipwa kwa polo, jioni, mkononi. Hawakuwa na mkataba, kwa hiyo hawakuwemo katika wale 31 wala katika wale 22. Hawakusomewa jina. Ofisa utumishi aliwapita pale mlangoni wakiwa wamekaa juu ya turubai wakisubiri gari ya tatu imaliziwe kupakiwa, naye akapita kama anavyopita mtu penye mizigo. Mmoja wao nilimkuta pale nilipoanza kazi mwaka 2007, na alikuwa na miaka yake huko nyuma. Begani ana sugu kubwa kama kiganja. Jumanne asubuhi alikuja kazini kama kawaida. Akakuta kufuli jipya na mlinzi asiyemjua. Akakaa ng'ambo ya barabara chini ya mwembe mpaka adhuhuri, akidhani mwenye ufunguo kachelewa. Nilipita nikamkuta. Mimi ndiye niliyemwambia. Aliniuliza, "Hata wewe, mwanangu?" Nikamwambia hata mimi, ami. Akainuka, akakung'uta msuli wake, akasema basi anakwenda kuswali.

Watu hawa wamebeba mapolo ya kampuni kwa miaka 20 na zaidi. Hesabu yao ipo, kwa sababu mimi nilikuwa naiandika kila jioni: jina, idadi ya mapolo, kiasi, alama ya kidole. Madaftari hayo nimeyakabidhi kwa saini na kampuni inayo. Mwenye kutaka kujua hamali gani amefanya kazi siku ngapi kwa mwaka atapata jibu humo. Naiomba kampuni iyafungue, na naiomba Kamisheni iyaulize. Mtu anayefika kazini siku 280 kwa mwaka, miaka nenda miaka rudi, kwa mwajiri mmoja, asiambiwe kwamba hajawahi kuwa mfanyakazi.

Mwezi Mei, huko Mkoani, waliajiriwa vijana tisa kupitia wakala, mikataba ya miezi mitatu mitatu. Kazi wanazofanya ni zile zile tulizoambiwa zimefutwa: kupokea mzigo, kuandika, kufuata madeni. Sina chuki nao, ni watoto wetu, nao wana haki ya kula. Mmoja alinipigia simu usiku, sauti ya mtu aliyebanwa, akaniuliza "Bi Mkubwa wa Ukutani" katika daftari la nne ni nani, maana mfumo unataka jina kamili na bibi huyo anadaiwa shilingi 640,000. Nikamwambia. Kesho yake akauliza wengine watatu. Karibu wiki mbili nzima nilikuwa nikimjibu. Mume wangu alikasirika, akaniambia unawafanyia kazi bure watu waliokufukuza. Nilimwambia deni la watu ni amana, na mimi ndiye niliyeiandika. Sitaki nife na jina la mtu kichwani mwangu ambalo hakuna mwengine anayelijua. Nimemwandikia kijana yule orodha yote, kurasa 11, majina ya utani upande mmoja na ya kweli upande wa pili, na pembeni nimeandika nani hulipa giza, nani hulipa bamvua, nani hulipa karafuu. Ameniambia safu hiyo ya mwisho haina mahali pa kuingizwa.

Kwa hivyo nina ombi kwa mabwana wa kampuni pia. Wekeni mahali pa kuiingiza. Na waiteni wawili watatu katika wale wenzangu wa mauzo waliokuwa wakiijua njia ya Konde na ya Kojani, muwasikilize, hata kama hamtawarudisha. Mimi siombi kurudishwa. Nauza unga na mafuta kidogo kidogo nyumbani na Mungu anajaalia.

Kwa wateja wetu wa zamani nina neno, na ndilo lililonifanya niombe nafasi gazetini, kwa sababu siwezi kumfikia kila mmoja. Tafadhalini, msiniletee pesa nyumbani. Najua mnaniamini, na najua wengine hamna njia rahisi ya kufika Mkoani, lakini mimi si wa kampuni tena na sina kitabu cha risiti. Mpeni kijana wa gari au mwende Mkoani wenyewe, mkatiwe risiti, na iandikwe jina lenu kamili, si lile la utani la daftarini. Mwenye kuambiwa deni lake ni kubwa kuliko analolijua, aje anione, nitamwambia nililoliandika na nitakwenda naye kushuhudia.

Na bwana wa Fundo aliyemwachia binti yangu shilingi 85,000 Ijumaa iliyopita akaondoka kabla sijarudi kutoka sokoni: pesa nimezipeleka Mkoani Jumatatu, zimepokelewa zote. Risiti yako ninayo. Uipitie ukivuka kuja Wete.

Karani wa zamani wa ghala,
Limbani, Wete, Pemba
(Jina kamili na anwani anavyo mhariri)